Mwacha Asili: Kezilahabi na Deni la Mshairi

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hii fupi imebeba hukumu nzito. Haisemi kwamba mwacha asili amepotea njia, wala kwamba amepungukiwa na adabu. Inasema amepoteza uungwana wake na kuwa mali ya wengine. Ukitafuta mtu wa kumvisha methali hii katika ushairi wa Kiswahili wa karne ya 20, jina la kwanza litakalokujia ni la Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ambaye mwaka 1974 alitoa diwani aliyoiita Kichomi na kuijaza mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Wapo waliosema kuwa yale hayakuwa mashairi hata kidogo. Wapo waliosema kuwa ushairi wetu sasa ndio umeamka. Mabishano yao yaliendelea kwa miaka mingi, madarasani na vitabuni, na hata leo hayajazimika kabisa.

Aghalabu mabishano hayo huelezwa kama ugomvi wa mafundi: shairi ni nini, na ni kitu gani kikitoka shairi hufa. Makala haya yanakusudia kulitazama jambo hili kwa jicho jingine. Nionavyo, chini ya swali la ufundi limelala swali la maadili, na ndilo lililowatia watu uchungu. Mtu aliyepokea mali ya waliomtangulia ana wajibu gani juu ya mali hiyo? Je, yampasa aihifadhi kama alivyoikuta, au ana ruhusa ya kuigeuza? Na akiigeuza, anabaki akidaiwa nini, na nani mdai wake?

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Kisiwa hicho ndicho kilichomtoa pia Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na kungoja miaka 35 kabla haijachapishwa, tena si kwa Kikerewe bali kwa Kiswahili, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ninawataja wawili hawa pamoja kwa sababu hatima ya yule wa kwanza inatuonyesha uzito wa uamuzi wa yule wa pili. Mwandishi wa Ukerewe aliyeandika kwa lugha ya mama yake alikosa mchapishaji. Aliyetaka kusomwa ilimlazimu aingie katika nyumba ya lugha nyingine. Kezilahabi aliingia, na hatutamwelewa kama tutasahau kuwa aliingia akiwa mgeni.

Alisoma seminari ya Nyegezi, karibu na Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Alihitimu mwaka 1970. Mwaka uliofuata ikatoka riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ambayo kwa muda ilipigwa marufuku mashuleni kwa vile ilivyosema waziwazi mambo ya mwili ambayo wakubwa walipenda yasemwe kwa kunong'ona. Zikafuata Kichwamaji mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975 na Gamba la Nyoka mwaka 1979, riwaya iliyothubutu kuutazama mpango wa vijiji vya Ujamaa kwa jicho lisilo na kengeza la sifa. Katikati ya kazi hizo, mwaka 1976, aliwasilisha tasnifu yake ya uzamili juu ya riwaya za Shaaban Robert. Jambo hili la mwisho halifai kupitwa upesi. Wapo waliodhani kuwa Kezilahabi aliacha kanuni kwa sababu hakuzijua. Mtu aliyekaa na kazi za Shaaban Robert kiasi cha kuziandikia tasnifu hawezi kuambiwa kuwa hakuujua mlango wa nyumba aliyotoka.

Basi nyumba hiyo ilikuwaje? Ni haki tuisifu kabla ya kuuliza kwa nini mtu atoke ndani yake. Shairi la tarbia lina mishororo minne katika ubeti; kila mshororo, kwa kawaida, una mizani 16, minane ya ukwapi na minane ya utao; vina vya kati vinaitikiana, vya mwisho vinaitikiana, na kibwagizo kinarudi kama mawimbi yanavyorudi ufukweni. Utenzi una mizani minane kwa mshororo, na kina chake cha mwisho husafiri kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho bila kuchoka. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alizikusanya kanuni hizi katika kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na neno hilo la sheria limebeba maana yote. Katika mtazamo wake shairi na wimbo havitengani: kisichoimbika hakina haki ya kuitwa shairi. Aliyevunja sheria aliambiwa kuwa shairi lake ni guni.

Sheria hizi hazikutungwa ili kuwatesa watu. Zina kazi zake, na kazi ya kwanza ni kumbukumbu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakuacha diwani iliyochapwa. Tungo zake zilikaa vifuani mwa watu wa Mvita mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya miongo kadhaa baadaye. Zingekaaje muda wote huo lau vina visingezishika kama misumari inavyoshika mbao za jahazi? Kazi ya pili ni majibizano. Mtu wa Lamu alitunga, mtu wa Mombasa akamjibu kwa bahari ile ile na vina vile vile, na wasikilizaji wakaweza kupima nani amemshinda mwenziwe, kwani mizani ilikuwa moja. Kazi ya tatu ndiyo iliyo kubwa kuliko zote: umbo la kurithi humdhamini mshairi. Anaposimama mbele ya watu na tarbia yake, hasimami peke yake. Walio hai na waliokufa wamesimama nyuma yake wakisema, huyu ni wetu, msikilizeni.

Mtu anayeacha dhamana kama hiyo anaacha kitu kikubwa. Wale waliomkasirikia Kezilahabi hawakuwa wajinga wala hawakuwa wakaidi tu. Waliona mali iliyolindwa kwa karne kadhaa ikitiwa mkononi mwa mtu ambaye, kwa maoni yao, aliichukulia kama kitu cha kutupwa.

Kezilahabi mwenyewe alitoa sababu zake katika utangulizi wa Kichomi. Kwa ufupi, alisema anataka kutumia lugha ya kawaida, lugha ambayo watu huitumia wanapozungumza, ili ushairi utoke mikononi mwa wachache uwafikie wengi. Na alikana kuwa vina na mizani ndivyo roho ya shairi. Hoja hii inahitaji kupimwa kwa uangalifu, kwani imejaa nia njema, na nia njema peke yake haitoshi kuwa ushahidi.

Wafuasi wengine wa mashairi huru walikwenda mbali zaidi wakadai kuwa umbo la kale haliwezi kubeba mawazo mapya. Dai hili si la kweli, na ushahidi wa kulikanusha ulikwisha kuwapo kabla Kichomi haijatoka. Mwaka 1973 ilichapishwa Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa akiwa kifungoni nchini Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972, baada ya kuandika karatasi iliyouliza nchi yake inakwenda wapi. Vina vimo, mizani imo, na ndani yake imo hasira ya mtu aliyefungwa kwa kusema kweli. Karibu nasi zaidi, Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021, mtu asiyepata elimu kubwa ya shule, aliweza kuyatia mageuzi ya dunia nzima ndani ya kimbunga kimoja, katika shairi lililoipa jina diwani yake ya mwaka 1994. Kwa hiyo mwenye kusema kuwa arudhi imekufa atafute maiti kwingine.

Ikiwa hivyo ndivyo, kwa nini basi Kezilahabi avunje? Kama umbo la kale laweza kubeba hasira, mapenzi, siasa na falsafa, ni kitu gani lisichoweza kukibeba?

Jibu langu ni kuwa umbo lolote lina imani yake, hata kabla mshairi hajaandika neno. Vina humwahidi msikilizaji kuwa kila sauti ina mwenziwe na kwamba mwenziwe yuko njiani anakuja. Mizani humwahidi kuwa dunia ina kipimo. Kibwagizo humwahidi kuwa kilichosemwa kitarudi na tutakitambua. Mshairi aliyefungwa gerezani kwa ajili ya haki anaweza kulia ndani ya umbo hili kwa moyo mmoja, kwa sababu bado anaamini kuwa haki ipo ingawa imezuiwa, na kwamba siku yake itafika kama kina kinavyofika. Dhiki yake ni kubwa, lakini dunia yake ina mpango.

Sasa mtazame msemaji wa shairi la "Kisu Mkononi" katika Kichomi. Ana kisu, na anapima kama maisha yana maana ya kumfanya aendelee kuyaishi. Mtazame pia Kazimoto wa Kichwamaji, kijana msomi ambaye maswali ya namna hiyo yanamfikisha mahali pa kujitoa uhai. Hawa hawalalamiki kuwa haki imecheleweshwa. Wanauliza kama kuna kitu chochote cha kungojewa. Mtu wa namna hii akisema mashaka yake kwa vina vinavyokutana bila kukosea, kwa mizani isiyopungua hata silabi moja, umbo litakuwa linamkanusha kila anapofungua kinywa. Maneno yatasema dunia haina mpango, na sauti itasema mpango upo, tulia. Hapo ndipo kuvunja umbo kunapoacha kuwa ukaidi na kuwa suala la kusema kweli. Kezilahabi aliacha vina kama mtu anayekataa kuapa kwa kiapo asichokiamini.

Huu ndio msingi wa utetezi wangu kwake, na naona una nguvu kuliko ule wa lugha ya kawaida alioutoa yeye mwenyewe. Lakini bado haujajibu methali. Mwenye methali atasema: Sawa, alisema kweli yake, lakini asili ni asili, na ameiacha.

Hapo yatupasa tuulize, asili ipi na ya nani? Mulokozi na Kahigi, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya mwaka 1979, walijenga hoja kuwa vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi wote wa Kiafrika, na kwamba hata ndani ya Kiswahili zilikuwapo tungo na nyimbo zilizokwenda kwa mapigo mengine. Hoja hii ni ya haki, ila isitumiwe kwa urahisi. Tungo hizo za kale, hata pale zilipokosa vina, ziliimbwa, zilichezwa, zilikaa midomoni mwa kundi. Shairi huru la chuo kikuu husomwa kimya na mtu mmoja mwenye kitabu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kumwita Kezilahabi mrithi wa moja kwa moja wa waimbaji wa kale ni kumpa nasaba ambayo hakuihitaji.

Liko jibu jingine lililo zito zaidi kwetu sisi wa visiwani. Kiswahili anachokiandika mtoto wa Ukerewe hakikumfikia kwa bahati. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu; mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifisha; ikafuata serikali ya nchi huru iliyokifanya lugha ya taifa. Tumezoea kulitaja jambo hili kwa fahari, na fahari yake ipo. Lakini mtu hampi mwenziwe lugha kama anavyompa nguo ya kuazima, akisubiri irudishwe bila doa. Mtoto wa bara aliambiwa kuwa lugha hii ni yake, asome kwayo, aombe haki zake kwayo, ajenge nchi kwayo. Akiisha kuambiwa hivyo, tutamwambiaje tena kuwa anaruhusiwa kuomba na kujenga, ila akitaka kulia, alie kwa kilio chetu? Aliyepewa lugha kwa kweli amepewa pia haki ya kuugulia ndani yake kwa sauti yake mwenyewe. Kumnyima hiyo ni kumfanya mtumwa wa asili yetu, na hapo methali inageuka na kumwelekea msemaji wake.

Wahenga hao hao walisema pia, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aje awe kama mwenyeji. Walisema aje, na kuja kwake kuwe dawa. Naona ni jambo la kuzingatiwa kuwa diwani ya pili ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1988, inaitwa Karibu Ndani. Aliyeingia mgeni miaka mingi nyuma sasa ndiye anayesimama mlangoni na kukaribisha. Yaliyotokea kati ya mwaka 1974 na 1988 yamo katika maneno hayo mawili.

Mpaka hapa nimekuwa wakili wake. Uadilifu unadai niseme na upande wa pili, kwani kuacha umbo kuna gharama, na gharama hiyo ilikuwapo.

Kezilahabi aliahidi kuwapelekea ushairi watu wa kawaida. Je, uliwafika? Watu wa kawaida, wale wanaosikiliza redio wakitengeneza nyavu na kununua gazeti wakifungua ukurasa wa mashairi, waliendelea kupenda vina na mizani. Kurasa hizo za magazeti ziliendelea kujaa tarbia. Taarabu iliendelea kuimbwa kwa vina. Mashairi ya Kichomi yalipata nyumba, lakini nyumba yenyewe ilikuwa shule na chuo kikuu. Wasomaji wake wakubwa wakawa wanafunzi na walimu wao. Ni kinaya kisichofichika: umbo lililolaumiwa kuwa la wachache ndilo lililobaki midomoni mwa wengi, na lile lililoanzishwa kwa ajili ya wengi likawa la waliosoma. Lugha ilikuwa ya kawaida kweli, kila neno lajulikana. Lakini maana ilijificha nyuma ya maneno hayo mepesi, na mtu aliyezoea kufumbua fumbo kwa kufuata vina alijikuta hana kamba ya kushika. Na zaidi ya hayo, ni wangapi wawezao kusoma kwa moyo shairi zima la Kezilahabi bila kitabu? Kumbukumbu, ile kazi ya kwanza ya vina, ilipotea pamoja navyo.

Hasara hii haifutiki kwa kusema kuwa watu hawajaelimika. Jibu hilo ni la kiburi, tena linaisaliti nia ya mshairi mwenyewe. Ni afadhali tukiri kuwa alichagua kati ya mema mawili, kusema kweli yake na kukaa midomoni mwa watu wake, na kwamba alipolishika moja, la pili lilimponyoka kwa sehemu kubwa. Hiyo ndiyo sura ya uamuzi wa kimaadili ulio wa kweli: aliyeuchagua hubaki na deni.

Na deni lenyewe alilipaje? Nilisema awali kuwa umbo la kurithi humdhamini mshairi. Aliyeliacha hana mdhamini. Akikata mshororo, hawezi kusema kuwa mizani imetimia. Lazima awe na sababu ya kuukata pale na si penginepo. Akirudia neno, hawezi kusema kuwa ni kibwagizo; lazima neno lenyewe liwe limedai kurudi. Akinyamaza, kimya chake ni chake. Katika tarbia dhaifu, kanuni huficha udhaifu, na msikilizaji hufurahia japo mdundo. Katika shairi huru dhaifu hakuna cha kuficha. Kwa hiyo mtu anayedhani kuwa Kezilahabi alikimbia kazi ngumu kwenda kwenye nyepesi amelipindua jambo. Alikimbia dhamana akajitwika dhamana.

Angalia jinsi anavyoilipa katika shairi liitwalo "Mafuriko". Mshairi wa mapokeo aliyetaka ujumbe wake ufike alikuwa na wachukuzi wake wanaojulikana: njiwa, barua, upepo wa kusi. Kezilahabi anamchagua nzi. Wimbo unapewa mbawa za mdudu anayechukiza, anayeingia kwa tajiri na kwa maskini, chooni na mezani, ambaye hakuna askari awezaye kumzuia mlangoni. Hakuna kina kinachotuambia kuwa taswira hii ni nzuri. Inasimama kwa nguvu zake, na nguvu zake ni kuwa ni kweli: neno la haki katika nyakati za woga husafiri hivyo, kwa njia isiyo na heshima, likitua hata penye uchafu. Taswira moja ya namna hii inafanya kazi ambayo vina vingeifanya, ya kukaa akilini na kukataa kutoka. Hapo deni linalipwa, ingawa kwa sarafu nyingine.

Wengi waliomfuata hawakulipa. Hilo nalo lisemwe. Baada ya mlango kufunguliwa walipita watu walioona kuwa kukosekana kwa mizani ni kukosekana kwa kazi. Wakachukua sentensi ya gazeti, wakaikata vipande vinne, wakaipanga wima, wakaiita shairi. Ukiwauliza, watataja jina la Kezilahabi kama kinga. Hawa ndio ambao methali inawahusu bila shaka yoyote, kwani wameacha asili ya wazee na hawakujenga yao. Wanaishi katika uhuru wa kuazima. Mtumwa anaweza kuwa mtumwa wa vina, akijaza silabi ili mizani itimie ingawa maana imekwisha kumwishia. Lakini pia anaweza kuwa mtumwa wa mtindo, akivunja kwa sababu kuvunja ndiko kunakosifiwa mwaka huo. Uungwana haumo katika kushika wala katika kuacha. Umo katika kujibu unapoulizwa: kwa nini umeandika hivi?

Kezilahabi aliendelea kuulizwa na kujiuliza maisha yake yote. Mwaka 1985 alikamilisha tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, nchini Marekani, juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Baada ya hapo aliutia riwayani uhuru ule alioutia katika ushairi: Nagona na Mzingile ni vitabu vifupi, vya mafumbo na ndoto, ambamo hadithi yenyewe imepoteza vina vyake, hujui kilichotangulia na kilichofuata. Mwaka 1995 alihamia Chuo Kikuu cha Botswana kufundisha. Diwani yake ya tatu, Dhifa, ikatoka mwaka 2008, miaka 20 baada ya ile ya pili. Mwaka 2015 tafsiri za mashairi yake teule kwa Kiingereza, zilizofanywa na Annmarie Drury, zilichapishwa Marekani. Alifariki mwezi wa Januari mwaka 2020.

Diwani tatu katika miaka 34 si nyingi. Mtu aliyeacha kanuni kwa ajili ya wepesi angeandika diwani kumi. Uchache huo nauona kuwa ni sehemu ya ushahidi wake. Na majina ya diwani zenyewe, yakipangwa kwa mfuatano wa kutoka kwake, yana mwendo wake: kwanza kichomi, maumivu yanayochoma kifuani, kisha karibu ndani, mwaliko, mwisho dhifa, watu wamekaa pamoja na kula. Sidai kuwa aliupanga mwendo huo tangu mwanzo. Lakini msomaji ana haki ya kuuona, na kuona kuwa mtu aliyeanza kwa kujitenga na jamaa kwa ajili ya ukweli alimalizia kwa kutandika jamvi.

Basi turudi kwa methali yetu na kuisoma upya. Mwacha asili ni mtumwa. Hatuwezi kulifuta neno hilo, wala hatuna haja. Ila tunaweza kuuliza asili ya mshairi ni nini khasa. Ikiwa asili yake ni idadi ya silabi, basi Kezilahabi ameiacha, na pamoja naye wameiacha wote waliowahi kupunguza au kuongeza mizani tangu Muyaka mpaka leo. Lakini wazee hawakuwaheshimu washairi kwa sababu ya hesabu. Waliwaheshimu kwa sababu mshairi alikuwa mtu wa kusema kweli mbele ya watu, kwa maneno yaliyofanyiwa kazi, na kuwa tayari kujibiwa. Kusema kweli, kuyafanyia kazi maneno, kukubali kujibiwa: haya matatu ndiyo asili. Vina na mizani ni chombo kilichoyasafirisha kwa muda mrefu na kwa usalama mkubwa, na heri aliye nacho akijua kukiendesha. Lakini chombo na shehena si kitu kimoja.

Kwa kipimo hicho, Kezilahabi hakuacha asili. Aliacha chombo, akabeba shehena mabegani. Ilimlemea, baadhi ya vitu vilimwanguka njiani, na vilivyoanguka hatuna haja ya kuvificha. Waliobaki chomboni, kina Abdilatif na Haji Gora, walifika nao, na shehena yao ilikuwa nzima. Si lazima tumchague mmoja kwa kumtupa mwingine. Ila anayekaa leo kutunga, awe Unguja, Pemba, Tumbatu au Ukerewe, ajue kuwa swali halimwachi kwa kuwa amechagua upande. Kama ameshika vina, atuonyeshe kuwa anaamini kile ambacho vina vinaahidi. Kama ameviacha, atuonyeshe alichokilipa badala yake.